Kimya cha Ramani: Kuisoma Nyandarua ya Kale

Miongoni mwa hati zinazomfaa mwanafunzi wa historia, ramani ndiyo inayoachwa nyuma mara nyingi. Barua za magavana husomwa, hukumu za mahakama hunakiliwa, simulizi za wazee huandikwa. Lakini ramani ya zamani hutundikwa ukutani kama pambo, au hukunjwa na kurudishwa kabatini baada ya kutazamwa dakika chache. Nadhani sababu ni kwamba ramani yafanana mno na ukweli. Barua twajua imeandikwa na mtu mwenye haja yake, nasi huisoma kwa tahadhari. Ramani twaitazama kana kwamba ardhi imejichora yenyewe. Hata ramani ni maandishi ya mtu. Ina mwandishi, ina aliyemtuma, ina tarehe, ina mambo iliyoyataja na mambo iliyoyanyamazia. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba ramani za topografia, yaani zile zinazochora vilima, mito, misitu, njia na makazi, zaweza kutufunulia historia ya kaunti moja ya mashambani. Na kwamba sehemu yenye maana kubwa katika ramani hizo huwa ni ile iliyoachwa nyeupe.

Kaunti niliyoichagua ni Nyandarua, katika nchi ya Kenya. Kwa upande wa mashariki imepakana na safu ya milima ambayo kilele chake kirefu, Ol Doinyo Lesatima, hufika mita 4,001 hivi. Kwa upande wa magharibi ardhi yateremka kuelekea Bonde la Ufa. Katikati pana uwanda wa juu wa Kinangop, bonde la Wanjohi, mlima Kipipiri, na ziwa la Ol Bolossat. Ukubwa wake wapita kilomita 3,200 za mraba, na hesabu ya mwaka 2019 ilikuta humo watu 638,289, wengi wao wakulima wa viazi, kabeji na mboga nyinginezo, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kwa jina la kaunti haijatimiza umri mrefu, maana kaunti za Kenya zilitokana na katiba ya mwaka 2010 na kuanza kazi mwaka 2013. Hata wilaya iliyotangulia iliundwa mwaka 1963. Mtu aweza kudhani kwamba mahali palipopata jina juzi hapana historia ndefu. Ramani zitamkanusha.

Kabla ya kuzifungua, yafaa tukumbuke kwamba yaliyomo katika ramani moja hayana umri mmoja. Mistari ya kontua, ambayo huunganisha mahali penye kimo kilicho sawa, yaeleza umbo la nchi lililokuwapo kabla ya mtu yeyote kulitazama. Majina ya milima na mito hudumu karne kwa karne, aghalabu yakiwapita umri watu walioyatoa. Misitu, mabwawa na maziwa hupanuka na kupungua katika maisha ya mtu mmoja. Mipaka ya mashamba, barabara na reli hutokea kwa amri na kutoweka kwa amri. Msomaji atakayeweka ramani mbili za zamani mbalimbali, akaanza kwa kulinganisha vilima na mito ili ajue kwamba anatazama mahali pale pale, kisha akatafuta lililobadilika, huyo amekwisha kuanza kazi ya mwanahistoria.

Habari za kwanza za nchi hii kuwafikia wachoraji wa Ulaya hazikutoka kwa macho ya Mzungu. Mwaka 1870 Thomas Wakefield, mmisionari aliyekaa karibu na Mombasa, alichapisha katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London maelezo ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara, ambayo kwa sehemu kubwa aliyapata kinywani mwa msafiri wa Kiswahili, Sadi bin Ahedi. Watu wa misafara ya pembe waliijua nchi ya Wamasai kwa miguu yao: wapi pana maji, wapi hulipwa hongo, ni siku ngapi kutoka kambi moja hadi nyingine. Elimu hiyo ilikuwa ramani kamili, ila haikuwa na karatasi.

Mwaka 1883 Joseph Thomson, Mskoti aliyetumwa na chama hicho hicho, alipita na msafara wake kutoka Naivasha kuelekea Laikipia. Safu ya milima aliyoiona akaipa jina la Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa chama kilichomtuma. Na maporomoko ya mto Ewaso Narok yakaja kuitwa Thomson's Falls kwa jina lake mwenyewe. Ramani iliyotoka na kitabu chake mwaka 1885 ni ramani ya njia. Mstari mmoja wapita katikati ya karatasi. Kando yake vimo vilima ambavyo jicho la msafiri liliweza kuvifikia. Na zaidi ya hapo ni weupe. Kwa Thomson weupe huo haukuwa na hila yoyote. Ulisema tu kwamba huko hakufika. Lakini weupe una tabia ya kubadilisha maana kila unapopita mkono mwingine, na hapa ndipo jambo letu linapoanza.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 nchi ya Wamasai ilipatwa na misiba iliyofuatana. Sotoka iliteketeza ng'ombe, ndui ikaua watu, na vita vya wao kwa wao vikamaliza nguvu iliyobaki. Wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikipanda kutoka pwani, wapimaji walipita katika nyanda ambazo miaka 10 tu nyuma zilikuwa zimejaa mifugo, wakaziona zi wazi. Ramani za wakati huo zina jambo jingine la kumshangaza mwanafunzi wa leo: Naivasha na nyanda zake zimeandikwa kuwa sehemu ya Uganda, na zilibaki hivyo hadi mwaka 1902, jimbo hilo la mashariki lilipohamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Kwa mstari mmoja wa kalamu watu wakabadilishwa nchi bila ya kuhama. Miaka michache baadaye wakahamishwa wao.

Mkataba wa mwezi wa Agosti 1904, uliotiwa sahihi na Olonana na viongozi wengine wa Wamasai kwa upande mmoja na Kamishna Donald Stewart kwa upande wa pili, uliwaondoa Wamasai katika nyanda za Bonde la Ufa zilizopakana na reli, ukawapa maeneo mawili, moja kusini na moja Laikipia. Ulinenwa kuwa utadumu maadamu Wamasai wangali taifa. Mipaka ya Laikipia ilitajwa kwa majina ya milima na mito, na mto Ewaso Narok, ule ule wa maporomoko ya Thomson, ulikuwa miongoni mwa mipaka ya kusini. Upande wa mashariki wenye mkataba hawakuwa na hakika, wakaandika mpaka wa kukadiria tu. Ramani isiyokamilika ilikuwa imekwisha kuwa sheria. Mkataba huo haukutimiza miaka 7. Mwaka 1911 uliandikwa mwingine, na kufikia mwaka 1913 Wamasai wa Laikipia walikuwa wamehamishiwa kusini. Parsaloi Ole Gilisho aliupinga uhamisho huo, na shauri likapelekwa mahakamani kwa jina la Ole Njogo na wenzake. Likatupwa mwaka 1913, kwa hoja kwamba mkataba ule ulikuwa mapatano baina ya mataifa, si jambo ambalo mahakama ya nchi iliweza kulihukumu.

Sasa mwanafunzi na atandaze ramani iliyochapishwa baada ya hapo, na ajiulize maana ya weupe anaouona. Katika ramani ya Thomson weupe ulikuwa ujinga wa msafiri. Katika ramani za wapimaji wa reli ulikuwa jeraha la sotoka na ndui. Baada ya mwaka 1904 ulikuwa kazi ya serikali. Karatasi yenyewe haionyeshi tofauti, maana rangi ni ile ile. Hata hivyo weupe huo ndio uliotumiwa kuwa hoja: nchi ilikuwa tupu, kwa hiyo iliweza kugawiwa. Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mwanahistoria asiyesikia mshindo katika kimya cha ramani atarudia hoja ya waliogawa ardhi, naye adhani anataja jambo la jiografia.

Lakini mpimaji aliyeacha makazi bila ya alama hakuweza kuacha milima bila ya majina, na majina yakawa mashahidi ambao hakuwakusudia. Ewaso Narok ni mto mweusi kwa Kimasai. Ol Doinyo Lesatima hufasiriwa kuwa mlima wa ndama dume. Ol Kalou, Ol Joro Orok na Ol Bolossat ni majina yenye sura ya lugha hiyo hiyo, na Kinangop yenyewe husemwa kwamba yatokana nayo. Katika majimbo matano ya uchaguzi ya kaunti, Kinangop, Kipipiri, Ol Kalou, Ol Jorok na Ndaragwa, mpiga kura ambaye mama yake na bibi yake walizungumza Kikikuyu huandikishwa chini ya jina la Kimasai na hajiulizi. Hata makosa ya tahajia yana faida. Katika karatasi za zamani neno Ewaso liliandikwa Guaso; kosa hilo latuonyesha kwamba jina lilipita katika masikio ya wageni kabla ya kufika kalamuni.

Juu ya tabaka hilo la Kimasai limo tabaka la Kiingereza, Aberdare na Thomson's Falls. Na juu yake tena tabaka la Kikikuyu, ambalo lilikuwapo muda wote katika vinywa vya watu wa upande wa pili wa milima ijapokuwa halikuandikwa. Wao waliiita safu hiyo Nyandarua, jina ambalo hufasiriwa kuwa ngozi iliyowambwa ikauke, kwa kuwa mgongo wa milima wafanana nayo. Baada ya uhuru Thomson's Falls ukawa Nyahururu. Majina matatu ya mlima mmoja si fujo ya wachoraji. Ni orodha ya waliodai kuujua.

Tuje kwenye ramani ambazo mwanafunzi atazitumia zaidi, zile za kipimo cha 1 kwa 50,000, ambazo sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi, na kila karatasi hushika dakika 15 za latitudo kwa dakika 15 za longitudo, karibu kilomita 28 kila upande. Upimaji wake ulishika kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilipounda mwaka 1946 Idara ya Upimaji wa Makoloni, na ndege za jeshi lake zikawa zinapiga picha za nchi kutoka juu. Ramani ya namna hii haiwezi kulinganishwa na ile ya njia. Kila kijito kimo. Kontua zimesongamana mahali penye genge na kuachana mahali penye uwanda. Imo reli iliyotoka Gilgil na kufika Thomson's Falls mwaka 1929, ikapita Ol Kalou na Ol Joro Orok, na ukiifuata kwa kidole utaona ilivyokwepa kila mteremko mkali, kana kwamba injini ilikuwa ikinong'ona na kontua. Zimo barabara, vituo, mabwawa, majosho ya ng'ombe. Mtu aweza kusema: ramani hii haina weupe tena.

Naam, una weupe, ila umejificha. Nchi hii ilikuwa sehemu ya Nyanda za Juu zilizotengewa Wazungu. Shamba moja lilikuwa na mamia au maelfu ya ekari, na ramani huyatambulisha mashamba kwa njia ya mwenye hati. Lakini waliolima pareto na ngano, na waliokamua ng'ombe, wengi walikuwa Wakikuyu walioitwa maskwota: watu walioruhusiwa kukaa na kulima kipande cha shamba la mlowezi kwa sharti la kumfanyia kazi siku zilizowekwa. Sheria ya mwaka 1918 iliwafunga kwa mkataba wa kazi, na ile ya mwaka 1937 ikazidi kuwabana, ikawapa walowezi uwezo wa kupunguza mifugo yao na kuwaondoa. Wengi wao walizaliwa mashambani humo na hawakujua kwao pengine. Wazungu wachache wa bonde la Wanjohi wamekwisha kuandikiwa vitabu kadhaa kwa ajili ya anasa zao za miaka ya 1920 na 1930. Maskwota wa bonde hilo, waliowazidi kwa wingi mara nyingi, wakiwemo katika ramani huwa ni vidoto visivyo na jina karibu na ghala la mwajiri.

Kidoto hicho ndicho swali. Mwanafunzi atakayekipata hana budi kuondoka mezani na kwenda kuuliza. Nani walikaa hapa? Waliita mahali hapa jina gani baina yao? Walizika wapi? Hapo ramani na simulizi husaidiana kwa namna ambayo kila moja peke yake haiwezi. Mzee aweza kukumbuka kwamba walikaa ng'ambo ya mto chini ya kilima chenye mawe, asikumbuke mwaka. Ramani humpa kilima, mto na tarehe. Ramani yaweza kuwa na doto bila ya watu; mzee humpa mwanafunzi watu.

Karatasi za miaka ya 1950 zataka kusomwa kwa uangalifu wa pekee. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, msitu wa Nyandarua ulikuwa ngome ya wapiganaji wa Mau Mau. Na Dedan Kimathi aliongoza humo mpaka alipokamatwa mwaka 1956. Msitu ukatangazwa kuwa eneo la marufuku, na ndege za kivita zikautupia mabomu. Katika vita hivyo ramani ilikuwa silaha ya upande mmoja. Askari aliyetoka nje alihitaji kontua ili ajue bonde liko wapi. Mpiganaji alijua mapito ya tembo na nyati ndani ya mianzi, wala hakuyaandika, kwa sababu maandishi yangemsaliti. Kwa hiyo rangi ya kijani iliyotandazwa juu ya milima, ambayo yaonekana kusema hapa pana miti tu, yafunika njia, kambi, mahali pa posta na makaburi. Wamasai walikuwa wamefutwa katika ramani na wengine. Wapiganaji wa msituni walijificha wasiingie ndani yake. Vimya viwili hivi visichukuliwe kuwa kimoja.

Kisha yakaja mapinduzi makubwa ya mwisho. Kuanzia mwaka 1962 serikali ilinunua mashamba ya walowezi na kuyagawa, katika mpango ulioitwa wa ekari milioni moja. Kinangop na sehemu nyingine za nchi hii zikawa kitovu cha mpango huo; na mwaka 1963 Nyandarua ikawa wilaya, ikawekwa katika Jimbo la Kati. Ukilinganisha karatasi ya kabla ya tukio hilo na karatasi ya baadaye utaona kwa jicho moja lile ambalo kurasa nyingi hulieleza kwa taabu: mahali palipokuwa na nyumba moja na ghala lake, pana nyumba nyingi, vijia vingi, shule, kanisa na soko. Hata hivyo mtu mwenye subira ataona la zamani likichungulia chini ya jipya: njia ya mikaratusi isiyoelekea popote siku hizi, bwawa lililojengewa ng'ombe wa mtu mmoja na sasa lanywesha kijiji, barabara ipindayo ghafla mahali pasipo na kilima wala mto, kwa kuwa palikuwa na mpaka wa shamba.

Mambo haya si mapambo ya chuoni tu. Tuchukue ziwa la Ol Bolossat, ambalo mwaka 2018 lilitangazwa rasmi kuwa eneo la ardhi oevu la kuhifadhiwa. Ili ukingo wa ziwa uhifadhiwe, sharti ujulikane. Na ziwa lisilo na kina kirefu husogea mbele mvua ikizidi na kurudi nyuma katika ukame. Mwenye kuleta ramani ya zamani na kusema huu ndio ukingo wa kweli hajasoma tarehe ya picha ya ndege, wala hakuuliza kama ilipigwa masika au kiangazi. Ramani moja ni shahidi wa siku moja. Ramani nyingi za miaka mbalimbali, zikilinganishwa na kumbukumbu za wavuvi na wachungaji, huonyesha mwendo wa ziwa. Na mwendo huo ndio ukweli unaomfaa mwenye kuamua. Ndivyo ilivyo pia kwa mipaka ya utawala. Mji wa Nyahururu, uliokuwa makao makuu ya wilaya ya Nyandarua, leo umo katika kaunti ya Laikipia, na makao ya kaunti ya Nyandarua yako Ol Kalou. Watu wanapobishana juu ya mipaka, kila upande hutafuta ramani inayoupendelea. Kazi ya msomi ni kuuliza ramani hiyo ilichorwa kwa haja gani kabla ya kuuliza yasema nini.

Nyenzo za kazi hii hazipatikani kwa shida kama zamani. Idara ya Upimaji jijini Nairobi na Hifadhi ya Taifa ya Kenya zina ramani nyingi. British Library ya London imezipiga picha ramani na michoro ya kijeshi ya Afrika Mashariki, mingi ikiwa ya kati ya mwaka 1890 na 1940, ili asomaye popote aitazame. Kinachopungua ni upande wa pili: wale waliokuwa watoto katika kambi za vibarua za miaka ya 1940 wanazidi kupungua, na wakiondoka, vidoto vitabaki vidoto. Karatasi yaweza kungoja miaka 100 mingine kabatini. Mwenye kumbukumbu hangoji.

Basi mwanafunzi wa Nyandarua, au wa kaunti nyingine yoyote ya mashambani, na aichukue ramani ya zamani kwa heshima na kwa shaka pamoja. Na apime vilima vyake, afuate mito yake, atamke majina yake kwa sauti na kuuliza ni ya lugha gani. Kisha afike mahali palipo peupe, aweke kalamu chini, asihesabu kwamba hapana kitu. Hapo aandike swali, naye aende nalo kwa aliyekaa mahali pale, au kwa mtoto wake, kabla jua halijatua.